Jini la Bibi Halikupanda Ndege

Jini halifi. Kauli hii nimeisikia tangu utoto wangu Tanga, na Ijumaa tatu zilizopita nimeisikia tena hapa Al-Suwaidi, kusini magharibi mwa Riyadh, katika chumba ambamo tulikuwa watu tisa tumekaa juu ya zulia, birika la chai ya tangawizi katikati. Aliyeisema ni mtu mzima, mwenye elimu ya dini, aliyeishi mji huu miaka kumi na minne. Alisema jini likifukuzwa huondoka, mtu aliyekuwa kiti chake akifa husubiri, kisha huzaliwa upya ndani ya mjukuu. Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa ni mkubwa wangu na tulikuwa nyumbani kwake. Nimejuta kunyamaza, kwa sababu maneno yale hayakuwa ya kupitisha jioni. Yalikuwa hukumu juu ya mtoto wa watu.

Binti mmoja wa kwetu, kadama, yaani mfanyakazi wa ndani, katika nyumba moja ya mji huu, alianguka jikoni mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Alikakamaa, akatoa povu, akazinduka hajui yuko wapi. Nyumbani walipopigiwa simu hawakuuliza kama ameonwa na daktari. Walikwenda kwa mganga. Mganga akatamka kuwa ni ruhani wa bibi yake mzaa mama, marehemu aliyekuwa kiti kwa miaka mingi: amezaliwa upya kwa mjukuu, amevuka naye bahari, sasa anadai chano chake. Akataka shuka jeupe, udi, marashi, asali na mbuzi mweupe. Binti akatuma mshahara wa miezi miwili, wazazi wakakopa kilichopungua, na ngoma ikapigwa. Siku ya tisa baada ya ngoma ile akaanguka tena, safari hii karibu na jiko lenye mafuta ya moto.

Nasema wazi: hakuna jini lililozaliwa upya katika mwili wa binti yule. Na wanaodai lipo hawana dini ya kuwaunga mkono, wala hadithi za wazee wetu, wala ushahidi wa macho.

Nianze na dini, kwa kuwa ndiyo kivuli wanachojikinga nacho. Sura ya 46, aya ya 18, inazungumzia mataifa ya majini na ya watu yaliyokwisha kupita. Kupita huko ni kufa. Katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim imo dua ya Mtume inayomtaja Mwenyezi Mungu kuwa ndiye asiyekufa, ikawataja majini na watu pamoja kuwa ndio wanaokufa. Watasema, na Iblisi je? Iblisi aliomba muhula, akapewa mpaka siku maalumu. Anayeomba aongezewe siku ni yule ambaye siku zake zina mwisho. Na muhula ule aliupata kwa kuuomba. Hatusomi kwamba uligawiwa kila jini, sembuse jini la kilinge cha mtaani kwetu.

Tena kuna masimulizi ambayo wahubiri wetu huyajua vizuri lakini mada hii ikifika huyaruka. Yamo katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Abu Said al-Khudri. Wakati wa vita vya Handaki, kijana mmoja aliyeoa karibuni aliomba ruhusa kwenda kuwatazama watu wake mjini Madina. Akamkuta mkewe amesimama mlangoni. Wivu ukampanda, akamnyooshea mkuki. Mke akamwambia aingie kwanza aone kilichomtoa nje. Akaingia, akakuta nyoka mkubwa amejikunja juu ya matandiko. Akamchoma mkuki. Nyoka akajipindapinda, na haikujulikana nani alitangulia kufa, kijana au nyoka. Mtume akaeleza kuwa Madina wamo majini waliosilimu, na nyoka wa nyumbani apewe onyo la siku tatu kabla ya kuuawa.

Wapo wanaonijibu kwamba aliyekufa ni nyoka tu, jini lenyewe likaruka kwenda mwili mwingine. Hayo wameyaongeza wao. Masimulizi yanahesabu vifo viwili na hayasemi neno juu ya kurudi. Kule Makka, karibu na makaburi ya Mu'alla, upo Msikiti wa Majini, unaokumbusha kundi la majini waliosikia Qurani wakaamini. Nimesali pale. Kiumbe anayeamini na kukufuru, anayeahidiwa malipo na kutishwa adhabu, ni kiumbe anayengojea hesabu. Ukisema anazunguka kutoka bibi hadi mjukuu bila mwisho umemtoa katika hesabu hiyo, ukampa sifa ambayo waumini wanaijua kuwa ni ya Mmoja tu.

Nije kwenye hadithi zetu wenyewe. Askofu Edward Steere alichapisha London, mwaka 1870, ngano alizozikusanya kwa watu wa Zanzibar. Mojawapo ni ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alianza na ndama, akaenda kwa mbuzi, akafika kwa watoto wa watu, na kila walipomshitaki kwa sultani akawajibu kuwa paka ni wake na vitu ni vyake. Mwisho akala hata watoto wa sultani, akawa nunda mla watu. Kitinda mimba ndiye aliyeingia porini kumtafuta. Kila alipoua mnyama alimletea mama yake akidhani ndiye, na kila mara mama alimwambia siye, akamsihi aache. Hakuacha mpaka akampata nunda mwenyewe akamuua. Nchi ikapumua. Nunda hakuzaliwa tena kwa mtoto wa paka mwingine. Aliyetunga ngano ile alijua balaa hukua kwa sababu mkubwa ameilea, na kwamba huisha siku mtu anapokataa kuilea.

Alfu Lela Ulela nayo imesomwa sana pwani kwetu. Mwanzoni mwake yumo mfanyabiashara anayetupa kokwa ya tende, kisha linamtokea jini likidai kokwa ile imemuua mwanawe. Mtoto wa jini amekufa kwa kokwa ya tende! Mbele kidogo, binti mfalme anapigana na ifriti mpaka ifriti anakuwa jivu, na yeye mwenyewe anakufa kwa moto uleule. Jini lililofungiwa na Nabii Sulemani ndani ya mtungi linaishi karne nyingi, kweli. Lakini umri mrefu ni umri, nao una mwisho.

Basi jini lisilokufa limetoka wapi? Mpwa wangu ana miaka kumi na saba, amekulia hapa, na alinipa sehemu ya jibu bila kukusudia. Vijana wa mji huu wanaishi na katuni za Kijapani na michezo ya kompyuta. Mwaka 2024 Riyadh iliandaa Kombe la Dunia la michezo hiyo, na mwaka huohuo ikatangazwa bustani nzima ya Dragon Ball huko Qiddiya. Mpwa wangu anasoma Chainsaw Man ya Tatsuki Fujimoto, akanieleza kanuni zake kwa makini, nami nikamsikiliza kwa makini. Katika ulimwengu ule kila shetani huzaliwa kutokana na hofu ya watu juu ya jina lake. Akiuawa duniani huzaliwa upya jehanamu, akiuawa jehanamu huzaliwa upya duniani, na anaporudi amesahau maisha yake ya kwanza. Nguvu zake ni sawa na hofu ya watu: shetani wa kitu kinachoogopwa sana hutisha, wa kitu kisichoogopwa ni mnyonge. Dungeons & Dragons na Warcraft, michezo ya Kimarekani, ina kanuni ya jirani: pepo akiuawa ugenini hurudi kwao akajiunda tena, na ni kwao tu anakoweza kufa kabisa.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, si ndiyo yaleyale ya jini la bibi?"

Nikamwambia hapana, na siku zilivyopita nikaona tofauti ni kubwa kuliko nilivyomweleza. Kitabu chake kinajitangaza kuwa ni cha kubuni. Kinaweka wazi kwamba chakula cha shetani ni hofu ya watu, na kwamba anayezaliwa upya hakumbuki kitu, kwa hiyo hamdai mtu. Jini la mganga linakumbuka kila deni. Linajua bibi alitoa nini mwaka gani, linajua mjukuu amepata kazi Saudia. Watunzi wa michezo wana sababu ya kumrudisha adui wao: akifa kabisa, sehemu ya pili haipo. Mganga anayo sababu hiyohiyo. Jini linalokufa hupungwa mara moja na familia ikaenda zake. Jini linalozaliwa upya hulipiwa na bibi, mama na mjukuu.

Nasikia sasa hoja nzito kuliko zote: lakini tumeona kwa macho yetu, bibi alikuwa kiti, mama akapandisha, mjukuu naye. Sitaki kuikashifu ngoma ya pepo. Kjersti Larsen aliyefanya utafiti Unguja, na wengine kabla yake, wameeleza makabila ya pepo wa Zanzibar: ruhani wa Kiarabu, kibuki wa Bukini na Ngazija, habeshia wa Uhabeshi, rubamba wa Pemba. Yatazame majina hayo. Kila kabila la pepo lina bandari yake. Habeshia wanahusishwa na masuria wa Kihabeshi walioletwa majumba ya masultani. Kule Hijazi ni vivyo hivyo: Mholanzi Snouck Hurgronje alifika Jeddah mwaka 1884, akakaa Makka mwaka 1885, akakuta wanawake wa mji wakitibiwa zari, pepo yuleyule anayejulikana Uhabeshi, Sudan na Misri. Pepo hawa wamefuata njia za watumwa, wafanyabiashara na mahujaji. I. M. Lewis, mwaka 1971, aliandika kwamba katika jamii nyingi ngoma hizi zilimpa mwanamke aliyenyimwa sauti mahali pa kudai haki yake kwa kinywa ambacho mume hakuweza kukijibu. Naamini hivyo. Nimemwona shangazi yangu, mwanamke aliyenyenyekea mwaka mzima, akiamrisha nyumba nzima usiku mmoja.

Kinachorithiwa, kwa hiyo, kinajulikana. Ni kiti, na kiti ni cheo. Ni chetezo, pete, nyimbo, ada na nafasi ndani ya kundi la wanawake waliosaidiana. Mtoto anayekulia katika nyumba yenye chetezo hujifunza kupandisha kama anavyojifunza lafudhi ya kwao. Huo ni urithi wa watu, wa heshima hata, na urithi mtu anaweza kuukataa. Ukishauita kiumbe kisichokufa kilichozaliwa ndani ya damu ya binti, umemnyang'anya haki ya kuukataa.

Na wakati mwingine kinachoonekana kupita katika ukoo hakina hata uhusiano na kiti. Mwaka 1959 daktari kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, nyanda za juu za Ulanga, Tanzania. Akakuta kifafa kimeenea kwa Wapogoro kuliko alivyowahi kuona. Wagonjwa walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu waliangukia mekoni na watu waliogopa kuwagusa wakidhani pepo atawahamia. Alikuta familia zenye wagonjwa zaidi ya mmoja, vizazi kwa vizazi. Nani hapo asingesema ni pepo wa ukoo anayezaliwa upya? Alifungua kliniki, akatoa vidonge vya fenobabitoni, na watu waliokuwa wakianguka mara kwa mara wakarudi shambani. Aliandika pia juu ya watoto waliotikisa vichwa kwa kusinzia, jambo ambalo miongo mingi baadaye lilikuja kuitwa ugonjwa wa kutikisa kichwa. Watafiti waliorudi Mahenge karne hii wamekuta uhusiano kati ya kifafa kile na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Huenda bibi, mama na mjukuu waliugua pamoja kwa kuwa waliteka maji mto mmoja. Kwa usubi ipo dawa ya ivamektini, na kwa kifafa vipo vidonge.

Niliwaza Mahenge mara tu niliposikia habari ya jiko na mafuta ya moto.

Hofu nayo imewahi kuzaa jini lake mbele ya macho yetu. Mwaka 1995 Pemba ilitikiswa na Popobawa, kisha Unguja. Watu walisema anawaingilia usiku, anawakandamiza vitandani wasiweze kupiga kelele. Familia zikalala nje, kando ya moto, zimebanana. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na mtafiti Martin Walsh ameandika jinsi siasa na hofu zilivyochanganyika katika maelezo ya watu. Wazee wakasema ni yuleyule wa miaka ya sitini, baada ya Mapinduzi, amerudi. Mwaka 2007 akatajwa tena, hata Dar es Salaam. Kukandamizwa kitandani ukiwa macho huku mwili hautii, Kiswahili kina neno lake la zamani, jinamizi, na madaktari wanalijua kuwa ni kasoro ya usingizi inayoweza kumpata mtu yeyote. Lakini mwaka ule wa 1995, mjini Unguja, umati uliamini umemkamata Popobawa ukamuua. Aliyeuawa alikuwa mgonjwa wa akili. Kauli kwamba shetani hurudi ilimpata mtu asiyeweza kujitetea, ikammaliza. Na huyo hakurudi.

Hapa tulipo hatari ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu nashangaa kauli hii inavyotolewa kwa wepesi Al-Suwaidi. Mwaka 2009 polisi wa dini wa Saudia waliunda kitengo cha kupambana na uchawi. Septemba 2011, mjini Madina, Abdul Hamid al-Fakki wa Sudan alikatwa kichwa kwa kosa la uchawi. Desemba mwaka huohuo, mkoani Al-Jawf, mwanamke wa Kisaudi, Amina bint Abdul Halim Nassar, aliuawa kwa kosa kama hilo. Aprili 2012 mwanamke wa Sri Lanka alikamatwa Jeddah baada ya baba mmoja kulalamika kuwa binti yake alibadilika ghafla alipomkaribia mwanamke yule katika jengo la maduka. Mwaka 2016 polisi wa dini waliondolewa uwezo wa kukamata watu, na nchi imebadilika kwa mengi. Bustani ya Al-Suwaidi yenyewe mwaka 2024 ilifanyiwa sherehe za tamaduni za mataifa ya wageni. Lakini woga wa uchawi ndani ya nyumba haujaondoka kwa amri. Kadama anayemwambia madam wake kwamba ana jini la bibi yake, au anayekutwa na hirizi chini ya mto, amejiweka mwenyewe mahali pa kushitakiwa siku mtoto wa nyumba atakapoumwa. Mganga wa nyumbani halijui hilo. Sisi tulio hapa tunalijua, na bado tunaitikia.

Binti yule alifikishwa hospitali baada ya anguko la tatu, na aliyempeleka ni kafili, yaani mwajiri wake mwenyewe, si mtu wa kwetu. Daktari akasema ni kifafa, akampa vidonge vya kumeza kila siku na kumwonya asiviache ghafla hata akijisikia mzima. Mpaka naandika haya hajaanguka tena. Wazazi wake wanaendelea kulipa mkopo wa mbuzi.

Nawaomba wazazi wa Tanga, Mombasa, Pemba na kwingineko wanaowasindikiza mabinti uwanja wa ndege: msiwashonee hirizi ndani ya nguo. Wapeni karatasi yenye jina la ugonjwa wao kama upo, jina la dawa na kipimo chake, na msiwaombe waifiche. Simu ikija kuwa mtoto ameanguka, swali la kwanza liwe hospitali gani. Aliyekuwa kiti ameshazikwa na tumemsomea. Tumwache apumzike.

Na wewe mzee wangu wa Al-Suwaidi, Ijumaa ijayo nitakuja tena, inshallah. Nakuomba unipe nafasi niyaseme haya mbele ya walewale waliokuitikia.